Vita vya Chupa ya Tope la Bahari

Haya, enyi mlioketi na enyi msio na haraka, sogeeni! Wekeni simu chini kidogo. Nawasimulia vita vya dada yangu Mama Matope, simba wa maabara, malkia wa sindano, aliyeapa kwamba chupa lazima inuke uvundo.

Majeshi yalikuwa mawili, kila moja ndani ya chupa yake ya tope, yote ya bakteria wasiotaka hewa. Hao badala ya hewa hupumua salfeti, madini yaliyoyeyuka majini, halafu wanatoa harufu ya yai viza na kuigeuza chupa nyeusi. Jeshi la ziwa ni watoto wa shida: kwao salfeti ni haba, chembe ikipita tu wameidaka. Chupa yao ilishakuwa nyeusi tititi. Jeshi la bahari ni watoto wa kishua, wamezaliwa ndani ya salfeti. Chupa yao? Angavu, kimya, kama imenuna.

"Binti," akanguruma Profesa, bwana wa funguo, "chupa hii ya bahari isipobadilika ifikapo Jumatatu, naimwaga kwenye sinki. Nafasi yako kwenye kabati la joto la kulelea bakteria anachukua mwenzako."

Mwenzake, Bwana Hadubini, akadakia: "Pole, dada. Hao wako wamelala. Waletee na mto."

"Cheka, kaka, cheka tu! Nimewamwagia salfeti ya kulisha ukoo mzima! Wanataka niwalishe kwa kijiko?"

Ndipo, jamani, shujaa akazisogelea chupa zake. Akatazama chupa hii, akatazama ile. Akashika kichwa. Zote alizipikia maji ya aina moja, maji ya ziwani! Salfeti tele, lakini sodiamu, ile ya kwenye chumvi, hakuna hata punje. Na wale waheshimiwa wa baharini hawaifungulii salfeti mlango mpaka isindikizwe na sodiamu. Wa ziwani hawana makuu, ikija na haidrojeni inapita. Maskini, watu walikuwa wanakufa njaa katikati ya karamu.

"Chumvi!" akapaza sauti. "Nileteeni chumvi, nami nitayafungua malango!"

"Mbona unapiga kelele? Iko hapo nyuma yako," akasema Bwana Hadubini.

Akaiyeyusha, akaichemsha kufukuza hewa, akaipoza. Kisha akautoboa mpira wa kizibo cha chupa ya bahari kwa sindano kama mkuki unavyotoboa ngao, akaisukuma chumvi ndani, na hewa, adui wa tangu na tangu, haikupenya hata kidogo.

Jumatatu Profesa akaja, mikono ya shati imekunjwa, tayari kwa sinki. Akakuta chupa nyeusi kama masizi. Akavuta tone, akanusa, machozi yakamtoka.

"Mama yangu! Hiki ni choo cha stendi!"

"Asante sana, Profesa."

"Kabati ni lako. Fungua dirisha!"

Dada hakufungua. Alisimama palepale, mshindi wa bahari, akavuta pumzi ndefu ya ule uvundo, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.