Uzinduzi wa Glavu za Shamba la Pito

Kamati ya Kinga dhidi ya Magonjwa ya Mifugo, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, inayo heshima kuutangazia umma wa Sumbawanga kwamba glavu za wafanyakazi wa shamba letu la Pito zimezinduliwa rasmi.

Wapo wanaonung'unika kwamba tumechelewa. Ni kweli, glavu zilikaa kabatini tangu masika, na mfanyakazi wetu Bertila akaugua homa, akalazwa hospitalini, baada ya kuondoa kondo la nyuma la ng'ombe kwa mikono mitupu. Lakini kifaa cha umma hakitumiki kabla ya kuzinduliwa. Hema, muziki na pilau vilipokwisha kutengewa fungu, fedha iliyobaki ilikuwa imetosha jozi moja: bora, ndefu, ya kufika begani.

Mgeni rasmi alikuwa Ofisa Obed, mjukuu wangu, ambaye nilimfundisha mwenyewe kusimama wima.

Obed akiwa katikati ya hotuba, ng'ombe alianza kuzaa na ndama akakwama. Dominika, mkamuaji, akanijia mbio.

"Shikamoo, mzee. Naomba glavu."

"Marahaba. Subiri zizinduliwe."

"Ng'ombe hasubiri, mzee! Na mimi sitaki kwenda kulala pembeni ya Bertila."

"Basi tia mkono tu, kama siku zote."

"Heee! Si umetusomea kanuni asubuhi hii? Asiye na glavu akimgusa ng'ombe anayezaa, kazi hana."

Nilifurahi kuona kanuni zimeeleweka. Nikamwashiria Obed afupishe. Akakata utepe, akavaa glavu, akainua mikono juu, picha zikapigwa. Kisha akaanza kuzivua ampe Dominika.

"Hapana, mheshimiwa," Dominika akakataa. "Kanuni ya pili: glavu ikishavaliwa na mmoja, mwingine haivai."

Obed akanigeukia. "Babu?"

Nilizipitia kanuni. Nilikuwa nimeziandika vizuri mno.

"Ndivyo ilivyo, mjukuu wangu."

"Zama, mshikaji!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka hemani.

Mkono wa mgeni rasmi ukazama hadi begani.

"Vuta, mheshimiwa! Unambembeleza nini?" Dominika akamhimiza, mikono yake ikiwa nyuma.

Ndama akatoka mzima, na maji yote ya uzazi yakamwagikia suti na uso wa Obed.

Kamati inathibitisha kwamba lengo limetimia: siku hiyo hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyemgusa ng'ombe. Mgeni rasmi yupo hospitalini, anasubiri majibu ya damu.