Mkufu wa Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Chakula hakikupita. Wifi, mke wa kaka yangu, kapewa mkufu wa almasi. Kapewa na mteja wake, mwimbaji mstaafu anayeitwa Malkia, ambaye enzi zake akishuka garini barabara nzima ilisimama. Mkufu wa kizamani, wenye ujanja: ukifungua vishikizo unakuwa bangili mbili. Wifi kautia shingoni, akaendelea kushona pindo. Kaka anamtazama kana kwamba wameoana jana. Shingo yangu ni ndefu kuliko yake.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwa Malkia. Nikamweleza, kwa masikitiko, kwamba wifi anavaa almasi sokoni akichagua vitunguu. Nilitarajia audai urudishwe. Mtu wa kumpa badala ya wifi, yaani mimi, alikuwa ameshaketi mbele yake. Malkia akacheka mpaka wanja ukamchuruzika. Akasema yeye aliuvaa akipika, akioga, akigombana na mumewe. Kumbe, akasema, kamchagua mtu sahihi wa kumpa. Akanipa salamu nimpelekee wifi. Sijazifikisha.

Jumamosi, 8 Machi
Sherehe ya kuzaliwa ya shangazi. Nilimwomba wifi aniazime mkufu. Akanipa palepale, bila hata kuringa. Hilo liliniuma zaidi.

Mpango: niingie na mkufu, baadaye nitokee na bangili, watu wadhani nina sanduku zima la vito. Nikajifungia msalani. Nikafungua, nikafunga. Vishikizo vikanasa kombo, bangili ya kushoto ikang'ang'ania ya kulia. Nikatoka mikono pamoja kama mwizi aliyekamatwa. Nikajifanya nasali. Shangazi akauliza nani kafa.

Aliyenifungua ni Malkia, naye kaalikwa, kwa ukucha mmoja. Akaninong'oneza, "Hata mimi mkufu huu ulinifanyia hivi siku ya kwanza. Nilikuwa nimeuazima kwa wifi yangu."

Nikamuuliza kama aliurudisha. Akaenda kuchukua keki.

Jumapili, 9 Machi
Wifi kaja kuchukua mkufu. Nilimwambia kishikizo kimelegea, aniachie niupeleke kwa sonara. Akatoa koleo kwenye mkoba wa kushonea, akakibana, akanishukuru kwa kuwa mwangalifu. Halafu akasema Malkia kampa na hereni zake.

Nimemwonya kwamba hereni za zamani huwasha masikio. Aniletee mimi kwanza, nizijaribu mwezi mmoja hivi. Kwa usalama wake.