Namna ya Kushindwa na Mzee Eikichi

Jumatano, 8 Aprili

Nimempelekea Mzee Eikichi supu. Mlango wazi, mapazia yamefungwa. Anakula tambi za kikombe amesimama wima, kama farasi. Tangu mkewe Sumi atutoke vuli iliyopita, klabuni kwetu hajakanyaga. Ubao wake wa shogi, ile sataranji yetu ya Kijapani, umekuwa meza ya magazeti.

Mwanawe Shunji kanipigia kutoka Sendai. Ati baba amekwisha, mwisho wa mwezi anamchukua, kitanda kimeshapatikana katika nyumba ya wazee. Nikamwambia baba yako hajaisha, amepoa tu, na kilichopoa hupashwa moto. Akasema, bibi, nionyeshe kitu kimoja kinachomtoa nje ya nyumba, nami nitamwacha hapo hapo mjini Tendo.

Kitu kipo. Jumapili ni mashindano ya shogi ya msimu wa maua ya mcheri. Eikichi amekataa. Nimeketi sakafuni kwake mpaka akakubali, kwa sharti moja: asipovuka kundi lake, anafunga kete zake kwenye kitambaa, anakwenda Sendai, na mimi nafunga mdomo.

Basi lazima ashinde. Na wa kushindwa naye ninamjua. Ni mimi.

Ijumaa, 10 Aprili

Kizingiti ni Fusae. Zamani alikuwa posta, sasa anakaa meza ya kupanga wachezaji, na watu anawapanga kama vifurushi. Makundi ya wanne wanne. Ukishinda mara mbili umevuka, ukishindwa mara mbili nenda kanywe chai. Shule sikuingia, lakini hesabu hiyo hata kuku anaiweza. Ubaya ni sheria nyingine: watu wa klabu moja hawawekwi kundi moja. Mimi na Eikichi tuko klabu moja.

Kwa hiyo nimehama. Nimepanda treni hadi Higashine, nimejiunga na klabu yao. Mwenyekiti aliuliza nimewapendea nini. Nikasema hewa.

Fusae nimempa habari kwa simu. Akauliza nimehama tangu lini. Tangu saa nne asubuhi. Akasema: "Kikue, uzee umekupanda kichwani." Nikamwambia yeye aandike jina, uzee aniachie mwenyewe.

Jumapili, 12 Aprili

Fusae huzipanga kadi za wachezaji kwa jinsi watu wanavyofika. Tangu kituo cha basi nilimshika Eikichi mkono wa koti, tukapita mlangoni tumebanana kama wachumba. Kundi moja! Na mchezo wa kwanza, mimi naye.

Tulirusha kete tano za askari kujua nani aanze. Wengi walilala uso juu, akaanza yeye. Mambo mazuri. Nikamwachia mikuki yangu yote miwili. Nikamwachia jemadari wa fedha. Mfalme wangu nilimweka wazi kama choo kisicho na mlango. Mzee alikuwa karibu kumaliza. Kisha akachukua askari aliyemteka kwangu, akamrudisha ubaoni kama wake, taratibu, kwenye mstari ambao tayari alikuwa na askari mwingine.

Askari wawili wa mtu mmoja, mstari mmoja. Kosa hilo halina msamaha, umeshindwa papo hapo. Nikatazama dari. Nikakohoa. Nikamnong'oneza kwamba macho yangu leo hayaoni, asogeze tu. Kumbe Fusae yuko mgongoni kwangu. Yule akivaa soksi ni paka. Akatangaza: mshindi, Higashine.

Wale wa Higashine wakanipigia makofi, wapumbavu.

Na mshindi ndiye hubeba kadi za wote wawili kuzirudisha mezani. Nilizibeba kama mtu aliyetumwa kutupa panya.

Njiani nikapata akili. Raundi ya pili mshindi hukutana na mshindi, aliyeshindwa na mwenzake. Ya tatu ni ya wale walioshinda mara moja na kushindwa mara moja. Eikichi akishinda yake, nami nikashindwa yangu, tunarudiana! Yeye akamnyuka karani mmoja wa benki, na mgongo wake ukanyooka, niliuona. Mimi nikapewa daktari wa meno. Alikuwa na hofu kiasi kwamba kushindwa naye kulinitoa jasho. Nilimpa kila kitu, naye kila nikimpa aliomba radhi.

Basi ya tatu. Mimi na Eikichi tena. Safari hii sikungoja, niliufungua ubao kama ghala. Akala, akala, akaacha kula. Akautazama ubao. Akanitazama mimi. Akauliza kwa sauti ndogo, Kikue, unanilisha kwa kijiko? Nikasema nacheza, wewe cheza. Akasema Sumi alimlisha kachumbari miaka yote ya ndoa, lakini ushindi hakuwahi kumlisha. Akaweka kiganja ubaoni, akainama, akasema, "Nimeshindwa."

Hatua moja tu ilibaki anikamate mfalme! Hata Fusae alisema jamani. Lakini aliyekiri ameshakiri. Amefungwa mara mbili, ametoka. Kadi mbili tena mkononi mwangu. Nimevuka kundi, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Baadaye kwenye mtoano kasichana kasicho na meno ya mbele kalinichinja kabla chai haijapoa.

Eikichi basi hakulingoja. Kaenda kwa miguu.

Jumatatu, 13 Aprili

Mlango wake umefungwa. Nimeacha supu kizingitini. Dirishani nimemwona anakunja kitambaa, kete ndani yake. Nimerudi nyumbani nikakata vitunguu vingi, nipate sababu.

Jumanne, 14 Aprili

Siku ya klabu. Nimerudi klabu yangu. Fusae akauliza tangu lini, nikamwambia anyamaze.

Mara mlango ukasogezwa. Eikichi, na kitambaa chake. Nikajua amekuja kuaga. Akakifungua mbele yangu, akapanga kete bila salamu. Akasema Sendai haendi, wala kuzimu haendi, kabla hajanifunga mchezo ambao nimeucheza kwa macho yote mawili. Nikimpa askari hata mmoja wa sadaka, atanirudisha Higashine kwa mkono wake.

Nilicheza kweli. Nikamfunga. Alikasirika hadi masikio yakawa mekundu. "Alhamisi," akasema. Kisha yeye mwenyewe akampigia mwanawe simu, kumwambia mwisho wa mwezi hana nafasi.

Jumamosi, 18 Aprili

Shunji kapiga simu kushukuru. Kitanda cha Sendai amekirudisha. Akauliza ilikuwaje. Nikamwambia ukweli: kila hatua niliipanga.

Fusae anasema kwa sababu yangu, mashindano ya vuli yatapangwa kwa kura. Vibao vya mbao vyenye majina ndani ya sanduku, watu wote wakitazama. Na meza ataiacha, safari hii anataka kucheza. Alhamisi nilimwona dukani akinunua samaki. Kipande kimoja. Mtu anayenunua kipande kimoja anakula akitazama ukuta. Ulimi wake mkali sasa naujua unatoka wapi.

Raundi ya kwanza lazima akutane na Eikichi. Wanatafuta bibi mtulivu wa kuvuta kura, nami nimeshajitolea. Vibao vyao viwili vikilala kwenye barafu, mkono utavijua hata gizani. Nimejaribu kimoja leo kwenye friji, kando ya samaki. Kimetoka kinanuka samaki.

Afadhali. Mkono ukikosea, pua haitakosea.