Uvimbe Wangu Chini ya Pete

Jumatatu, 3 Machi
Uvimbe wangu umelala. Ni kipande cha nyama ya panya mwenye saratani, chembamba kama karatasi, kingali hai katika kisahani chake. Nimekiwekea kijiwe cha mizani juu. Tunataka kujua: ukibanwa, utakua au utasinyaa? Ijumaa Bosi atachagua mmoja abaki maabara, mimi au mwenzangu, Bibi Taratibu, mwenye kipande chake kama hiki. Yeye anapima, anaandika, anapima tena. Eti mwenda pole hajikwai. Hafiki pia! Mimi nimetazama kwenye hadubini saa nzima. Seli zinang'aa zambarau, kama mawingu jua likizama. Nikasahau kula.

Jumanne, 4 Machi
Uvimbe umekua. Msaliti! Nimechemsha pete yangu ya ndoa, nikaiongeza juu ya kijiwe. Sijaandika popote. Kwani pete ni uzito? Ni upendo.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu kauliza pete iko wapi. Nikasema iko kazini. Akauliza kazini kwa nani. Nikaondoka bila chai.
Lakini furaha! Uvimbe haujaongezeka hata chembe. Nikaketi nikajiona jukwaani, ukumbi mzima unanipigia makofi, Bibi Taratibu yuko nyuma kabisa. Mfagizi akaniamsha. Eti nakoroma.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeongeza vifungo viwili vya koti. Uvimbe kimya. Nimemhurumia Bibi Taratibu, nikampa kalamu yangu awe na kumbukumbu. Akashukuru, akauliza kama nimetazama kingo za kipande. Kingo! Mshindi hatazami kingo.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi ameinamia hadubini yangu muda mrefu, mpaka nikaanza kutabasamu. Kisha akaniambia nitazame pembeni. Seli zimetoka! Moja moja zimetambaa kutoka chini ya kijiwe, zinajiendea zake, nzuri ajabu. Katikati uvimbe haukui, kweli. Pembeni unatawanyika. Bosi akasema ningekuwa na jambo kubwa mkononi, laiti ningeandika nimebana kwa uzito gani. Akainua pete kwa kibanio, akasoma jina la mke wangu kwa sauti.
Bibi Taratibu ndiye atakayebaki. Seli zake nazo zilitoroka, ila yeye kila gramu ameiandika. Imeniuma, sifichi. Nilizipenda zile seli.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejilaza natazama dari, asubuhi nzima. Kosa langu nimeliona: sikubana vya kutosha! Jumatatu narudi kukabidhi funguo, na pasi yetu ya nguo inaingia vizuri kwenye mkoba. Nzito hasa. Uzito wake sitauandika, asije Bibi Taratibu akaniiga.