Mwezi Uliopona Bila Madebe

Idodi, Iringa
12 Novemba 1957

Kwa Mheshimiwa Jumbe Didas,

Kamwene sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mzima wa mwili, ila heshima yangu inaumwa.

Mimi Jailos Kalinga, mwongoza madebe wa hapa tangu baba alipofariki, namshtaki Mwalimu Anania wa shule yetu pamoja na rafiki yake Lutengano, aliyetoka Mbeya kwa basi akiwa amebeba darubini ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Alhamisi iliyopita, mwezi ulipopatwa, hawa wawili walisimamisha darubini zao mbili, hiyo na ya Mwalimu, uwanjani wakawaonyesha watu wote bure. Makosa yao ni haya:

1. Walitangaza siku ya mwezi kupatwa wiki nzima kabla, bila kuniuliza. Mgonjwa gani huugua kwa ahadi?

2. Waliwapanga watu foleni, kimya kama kanisani. Desturi yetu unaijua: mwezi ukipatwa tunapiga madebe, vinu na vifuniko vya vyungu mpaka kilichoushika kiuachie. Safari hii ulichomoza nyuma ya vilima tayari umemegwa, debe langu likiwa mkononi, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Hata mke wangu Lea alitupa mchi akakimbilia foleni. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona.

3. Mwezi ukapona. Bila kelele yoyote, na kwa saa ileile aliyoitaja Mwalimu! Huo ni utovu wa adabu wa mwezi wenyewe, lakini nani aliyeufundisha?

4. Kibuyu cha pombe apewacho mwongoza madebe alipewa Mwalimu, ambaye ni Mlutheri wa kukata na shoka na hanywi. Kikaishia kwa Lutengano. Sasa watoto wananiuliza kama baba yangu naye alikuwa akijisumbua bure.

5. Hili linakuhusu wewe. Watu wameona kwamba mwezi una mashimo na madoa, na badala ya kuogopa wakacheka. Kesho watalielekeza bomba hilo kwenye baraza lako, na ndani yake kila kitu huonekana karibu sana. Nakukumbusha tu kwamba nawe uliinama pale mpaka kofia ikaanguka.

Kwa hiyo naomba darubini zote mbili zikamatwe, na mwezi ukipatwa tena usiruhusiwe kupona mpaka nimalize kupiga.

Nisalimie Mama Apolonia, wazee wa baraza, na yule fahali wako aliyekuwa akichechemea.

Ni mimi mtiifu wako, debe mkononi,
Jailos Kalinga

N.B. Kama ofisi haina mahali pa kuzihifadhi darubini hizo, uwanja wangu uko wazi upande wa mashariki na mbuzi nimeshawahamisha. Mwalimu aje nazo mwenyewe, maana nilipotazama mara ya tatu, nimevaa kofia ya shemeji nisitambulike, mwezi uliteleza nje ya bomba kabla sijashiba. Niliona milima, Mheshimiwa. Baba aliupigia madebe maisha yake yote na hakupata kuiona, na jambo hilo limeniuma. Mama bado yu hai. Ni mfupi, hakifikii kioo, lakini akisimama juu ya debe langu atakifikia.