Samahani Moja kwa Maadui Wawili

Thaddée aliiona soda kabla haijafika sokoni. Alikuwa amekalia pikipiki yake pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, akijifanya anangoja abiria, Marcienne na Kalume walipoanza tena kurushiana maneno. Marcienne, Mrundi ambaye soko zima lilimwita Mama Élyse, aliuza dagaa na unga. Kalume, Mkongomani wa Kivu Kusini aliyeitwa Papa Prince, alishona na kuuza vitenge. Kati ya vibanda vyao palikuwa na kiuwazi ambacho kila mmoja aliapa ni chake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuweka hapo hata kigoda. Na kiuwazi hicho kilitazamana na mahali magari ya kutoka Mbarara yanapoteremsha watu wenye vumbi kooni. Friji ya soda ingekaa pale vizuri kabisa.

Usimwite Thaddée mwizi, msomaji. Mwizi huamka mapema, na Thaddée alipenda sana kitanda chake. Yeye aliishi kwa mdomo, na siku ile mdomo ulianza kumwasha.

Alianzia kwa Kalume.

"Papa Prince, nimetumwa na Mama Élyse. Anakuomba msamaha."

Cherehani ilisimama. "Yeye? Anasema nini?"

Thaddée alishusha sauti, akainamisha kichwa kama mtu aliye msibani. "Anasema: 'Silali. Nikimeza ugali unakwama. Nimemkosea jirani yangu, na aibu imenikaa kifuani.'"

Kalume alivimba kwa furaha. Hakuna utamu unaoshinda kusikia kwamba adui yako hali vizuri. Alitaka arudiwe pale pa ugali, akarudiwa. Kisha akachomoa kipande cha kitenge na kumpa mjumbe kwa taabu yake.

"Sasa na wewe umwombe msamaha," akasema Thaddée.

"Miye niombe pardon? Juu ya nini? Samaki yake inanukisha vitenge vyangu vyote!"

"Kwa mdomo tu, Papa Prince. Moyo ubaki na hasira yake, nani atauona? Samahani ya kweli inachosha mtu, inamlazimu abadilike. Hii ya mdomoni haikuombi kitu."

Kalume aliwaza, akaona hoja ina akili. "Basi umwambie. Lakini weye ndiye utafute maneno, miye sina."

Maneno yalikuwepo tayari, na Thaddée hakuwa mtu wa kushona nguo mpya wakati ya jana haijachakaa. Alivuka hatua chache hadi kwa Marcienne.

"Mama Élyse, jirani yako ameniliza. Anasema: 'Silali. Nikimeza ugali unakwama. Nimemkosea jirani yangu, na aibu imenikaa kifuani.'"

"Umkwame kabisa!" alisema Marcienne, uso ukimng'aa. Lakini alimfungia Thaddée dagaa wazuri, wale asiowaonyesha wateja, na akakubali kutuma samahani ya kurudisha, mradi asiulizwe kama anaimaanisha.

Hapo ndipo Thaddée alipotoa mpango wenyewe. Ile fasi, yaani kile kiuwazi, ingeendelea kuzaa ugomvi, kwa hiyo akae hapo mtu wa katikati, asiye na upande. Nani? Alijitolea yeye mwenyewe, kwa masikitiko, pamoja na friji moja tu ya soda. Jambo lifungwe kwa chungu cha pombe ya ndizi, wanywe wote kwa mirija mbele ya mashahidi, kama ilivyokuwa nyumbani. Naye akaongeza sheria yake, ili kesho mtu asigeuke na kudai ile fasi: kinacholetwa mbele ya chungu ni cha waliopatana, na aliyegusa mrija hana dai tena. Wote wawili waliikubali. Ilisikika kama kitu ambacho babu zao wangeweza kusema.

Thaddée akaenda Mbarara. Kule Kakiika alikuwa na rafiki aitwaye Vénant, fundi wa kufufua majokofu yaliyokufa. Thaddée alimwachia pikipiki yake, iliyomlisha miaka yote, akachukua friji yenye mlango wa kioo. Aliipapasa kama mtu anayepapasa ndama. Hakuwa na kitu kingine chochote duniani.

Siku hiyohiyo, maji ya dagaa yalitiririka hadi kwenye kitenge cha Kalume. Kalume akapiga kelele. Marcienne hakukawia.

"Nyamaza! Si wewe uliyetuma watu waniambie ugali unakukwama?"

"Miye? Ni weye! Ugali ilikukwama weye, na haulale!"

"Na aibu imekukaa kifuani!"

"Kifuani kwako!"

Wakatazamana. Kisha, polepole, waliisema ile samahani pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama watu wanaosali. Kalume ndiye aliyetangulia kucheka. Marcienne alijitahidi kuendelea kumchukia, na akafaulu, lakini alicheka pia.

Jioni simu ya Thaddée ililia.

"Kaka Thaddée," alisema Marcienne kwa sauti ya asali, "utusamehe sana. Umehangaika kwa ajili yetu, na sisi tumekukawiza. Aibu imetukaa. Njoo, chungu kiko tayari, na friji yako uilete palepale."

Na Thaddée, aliyeuza samahani moja ya uongo mara mbili, akaamini hii.

Alifika Base Camp juu ya lori, ameishikilia friji kwa mikono miwili. Watu walikuwa wamejaa. Katekista Astère alikaa mbele kama shahidi. Friji ikashushwa, ikawekwa katikati ya vibanda, mbele ya chungu.

"Kaka," alisema Kalume kwa heshima kubwa, "watu banapenda kusikia ile sheria. Uiseme weye mwenyewe, sisi hatuna mdomo kama yako."

Thaddée hakuwahi kukataa kusikilizwa. Akaisema sheria yote kwa sauti ya mahubiri: kinacholetwa mbele ya chungu, aliyegusa mrija. Astère akatikisa kichwa kukubali. Kisha Thaddée akainama na kunywa, akanywa sana, maana alikuwa na kiu ya safari.

"Asante kwa friji," alisema Marcienne.

Mrija ulimtoka mdomoni. "Friji yangu? Kilicholetwa ni ile fasi!"

"Fasi haikuletwa, kaka, ilikuwa hapa," alisema Kalume. "Weye ndiye ulileta kitu. Utusamehe sana."

Soko likaangua kicheko. Thaddée akakimbilia kituo cha polisi kwa Afande Kabera, akaeleza yote.

"Wewe nakunywa ile pombe ama hapana?" aliuliza Kabera kwa Kiswahili chake cha kipolisi.

"Nilikunywa, afande, lakini..."

"Nakunywa, basi. Mambo naisha. Kwenda nyumbani."

Akaenda, kwa miguu.

Friji ilianza kazi kesho yake. Kila asubuhi, kabla ya kuifungua, Marcienne husema, "Jirani, ugali ulinikwama jana," na Kalume hujibu, "Hata miye, mama, sikulala." Hakuna anayemaanisha hata neno moja. Wanachukiana vilevile, lakini soda zinatoka baridi na hawajatukanana tena.

Thaddée alivumilia wiki nzima. Bila pikipiki hakuwa na abiria, na bila abiria hakuwa na chakula. Mwishowe alikuja, amekonda, akasimama mbele ya friji yake mwenyewe. Mara hii hakuwa ametunga chochote. Alitafuta maneno mengine akayakosa, kwa sababu haya ndiyo yaliyomtokea.

"Mama Élyse, Papa Prince," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Silali. Nikimeza ugali unakwama. Nimewakosea, na aibu imenikaa kifuani."

Walimsikiliza hadi mwisho. Kisha Marcienne akafuta kioo cha friji kwa kanga yake.

"Hiyo tunayo tayari, kaka," alisema. "Utakunywa Fanta au Koka?"