Kakule Anataka Kuniiba Mimi Mzima

Jumatatu, 5 Septemba
Kakule ni mwizi. Ushahidi sina, lakini macho ninayo. Kibandani kwake anachajisha simu za Ndosho nzima, na jana nilimwona akimchekea Dorine wangu. Redio inasema wezi wa siku hizi hawaibi simu, wanaiba mtu mwenyewe: jina, picha, kila kitu. Na nani mtaani hapa anafaa kuibwa kama si mimi? Jumapili Papa Mirindi, baba yake Dorine, ananipokea rasmi. Nikiibwa kabla ya hapo, Dorine ataolewa na nani?

Jumanne, 6 Septemba
Nimebadilisha namba ya siri ya simu. Nisije nikaisahau, nimeiandika kwenye plasta nyuma ya simu. Lakini kinyumenyume! Kakule atajikuna kichwa mpaka achoke. Majirani nimewaeleza waisome kutoka mwisho, maana mtu hajui siku yake.

Jumatano, 7 Septemba
Asubuhi nzima nimeketi mbele ya kibanda nikiilinda simu ikichajiwa. Ikalia. Bwana mmoja mstaarabu, Kifaransa safi, eti wa ofisi fulani ya Himbi. Wanatafuta mkubwa wa usalama! Nimtumie picha ya kadi yangu ya uchaguzi, mbele na nyuma, kisha nimsomee namba sita zitakazoingia kwa ujumbe. Nikazisoma kwa sauti kubwa, mtandao ulikuwa mbaya. Wateja wote wakanyamaza kunisikiliza. Heshima! Kakule akawa anapunga mikono kama aliyevamiwa na nyuki. Wivu huo.

Ijumaa, 9 Septemba
Balaa! WhatsApp imenifukuza, sasa inaongea bila mimi. Imemwandikia Papa Mirindi kwamba nimelazwa Kibumba, hali mbaya, nisaidiwe upesi. Muzee wa watu akapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka huko kwenye mvua, akaniulizia kila kituo cha afya. Jioni akanikuta Ndosho nakula sambaza, vidagaa vya ziwani. Amesema Jumapili nisikanyage kwake. Dorine analia, na mimi nimelia. Kikulacho ki nguoni mwako. Kakule!

Jumamosi, 10 Septemba
Kakule ameinamia simu yangu hadi WhatsApp ikarudi. Kisha akaenda mwenyewe kumweleza Papa Mirindi kwamba niliibwa. Muzee amelegea: kesho niende, ila nikirudia upuuzi huu, Dorine nimsahau. Kakule akanionya: “Cikuru, ile namba sita usipatiake mutu. Hata mimi.”

Hata yeye! Mtu mwenye moyo safi angejitaja? Na mambo ya wizi kayajulia wapi?

Jumapili, 11 Septemba
Suti imepigwa pasi. Asubuhi kapiga bwana mwingine, wa huduma ya kuwasaidia walioibwa. Anajua jina langu lote, hata namba ya kadi yangu! Hatimaye mtu anayejua kazi yake. Ametaka zile namba sita tu. Nimejifungia chooni Kakule asisikie, nikamsomea. Nimemwomba amlinde Papa Mirindi pia, nikampa namba ya muzee.

Natoka sasa kwenda kwa muzee, moyo mweupe. WhatsApp imejifunga yenyewe. Bila shaka wanaisafisha.